Maneno ya mtaani hayapewi viza

Januari 2012, kijana mmoja Mwingereza aliyekuwa akijiandaa kwenda likizo Los Angeles aliandika Twitter kwamba wiki ile ana nafasi, anayetaka kupiga soga amuwahi kabla hajaenda "destroy America". Kwa vijana wenzake wa Uingereza maneno hayo hayakuhitaji mkalimani. Jamaa anakwenda kujirusha, kunywa na kukesha mpaka mfuko utoboke. Yeye na mwenzake walipotua, maofisa wa mpakani walikuwa wameshayasoma, nao waliyasoma kama yalivyoandikwa. Wakawekwa ndani, wakahojiwa, kisha wakapandishwa ndege ya kurudi kwao. Mzaha wake mwingine, kwamba angemfukua Marilyn Monroe, nao uliletwa mezani, na wenyewe walisimulia baadaye kuwa masanduku yao yalipekuliwa kutafutwa sepetu.

Kisa hicho kilichekwa siku chache kikasahaulika. Nimekikumbuka kwa sababu kilichokuwa kituko cha abiria wawili sasa kinageuzwa kuwa utaratibu. Tangu 2019 fomu ya viza ya Marekani inamtaka mwombaji ataje akaunti zake za mitandao ya kijamii za miaka 5 iliyopita. Juni 2025 Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo iliwataka waombaji wa viza za masomo waziache akaunti zao wazi ili zisomwe. Desemba 2025 idara ya forodha na ulinzi wa mipaka ikapendekeza kwamba hata wageni wasiohitaji viza, wakiwemo Waingereza, Waairishi na Waaustralia, walazimike kutaja za kwao. Tangu hapo mabishano ni yale yale. Huyu anasema dola inachungulia watu vyumbani, yule anasema asiye na hatia haogopi kusomwa. Wote wawili wamechukulia kuwa kilichoandikwa kwa Kiingereza kitaeleweka na anayejua Kiingereza, na hapo ndipo pabovu. Misimu ya Kiingereza (si ya mvua na kiangazi, nasema maneno ya mtaani) hubadili maana kila inapovuka bahari. Mtandao, tunaoambiwa umeiunganisha, umezificha tofauti hizo tu, na tofauti iliyofichika ina madhara kuliko inayoonekana.

Chukua neno ambalo hakuna ofisa wa usalama atakayelipita bila kusimama: "bomb". Mwingereza akikwambia tamasha lilikwenda "like a bomb", jua watu walijaa na makofi yakapigwa. Mmarekani akikwambia tamasha hilo hilo "bombed", viti vilikuwa vitupu. Mwingereza huyo akilalamika kuwa nyumba yake inamgharimu "a bomb", analia na kodi ya pango. Kijana wa Marekani wa miaka ya 1990 aliyesema pilau ya mama yako ni "the bomb" alikuwa anaomba sahani ya pili. Mafanikio, anguko, gharama na utamu, vyote ndani ya neno moja, na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyewaza baruti. "Pissed" ni kukasirika kwa Mmarekani, ni kulewa chakari kwa Mwingereza, Mwairishi na Mwaustralia. "Thongs" za Australia ni champali, au ndala ukipenda, za kwendea ufukweni. Za Marekani ni chupi, tena ya kamba. Mnaijeria anayekuandikia "flash me" anataka umbipu, simu ilie mara moja ukate. Uingereza anayemfanyia mtu huo "flash" amemwonyesha uchi wake hadharani na anatafutwa na polisi.

Haya huwa tunayasoma kama vichekesho, na ndiyo maana hatuyapi uzito. Lakini tofauti hizi hazikutokea kwa bahati mbaya wala kwa uzembe wa wasemaji. Misimu huzaliwa ili mwalimu asielewe. Ni kufuli ya kikundi: anayejua neno ni wetu, asiyejua ni wa kuja. Likishajulikana na kila mtu linachuja, wenyewe wanaliacha au wanaligeuza maana. Kudai misimu ya Kiingereza iwe na maana moja kutoka Lagos hadi Melbourne ni sawa na kudai kila nyumba mjini iwe na ufunguo mmoja. Sisi wa Kiswahili hatuna haja ya kwenda mbali kuthibitisha hili. Mkenya aliyevaa vizuri siku ya harusi huambiwa "umelipuka". Mtanzania akisema fundi "kalipua", ina maana ukuta umejengwa shaghalabaghala na simu yake hapokei. Shina la neno ni moja na Namanga iko karibu, lakini sifa ya huku ni tusi la kule.

Linaloumiza zaidi ni kwamba maneno hubeba pia makovu ya mahali, na kovu halisomeki katika kamusi. Mfano mzuri ni wa 2022. Juni ya mwaka huo mwanamuziki wa Marekani Lizzo alitoa wimbo wenye neno "spaz". Wiki chache baadaye Beyoncé naye akatoa wake wenye neno hilo hilo. Watu wenye ulemavu, hasa wa Uingereza na Australia, wakapaza sauti, na wote wawili wakaliondoa na kurekodi upya. Wamarekani wengi walibaki wakijiuliza kosa ni nini, kwa kuwa kwao neno hilo ni kama kupaparika au kuboronga, na kwa Wamarekani weusi mara nyingi ni kuachia, kupagawa jukwaani. Uingereza lina historia nyingine kabisa. Mwaka 1952 ilianzishwa huko jumuiya ya kuwasaidia watoto wenye mtindio wa ubongo, na jina lake lilibeba neno la kidaktari la wakati ule, "spastic". Mwaka 1981 kipindi maarufu cha watoto cha televisheni, kwa nia njema kabisa, kilimwonyesha Joey Deacon, mtu mzima mwenye hali hiyo, ili watoto wajifunze huruma. Watoto walijifunza tusi. Viwanja vya shule vya nchi nzima vilijaa jina lake na neno lile, yakitupiwa kila aliyejikwaa au kukosa mpira. Kufikia 1994 neno lilikuwa limechafuka kiasi kwamba jumuiya yenyewe ililitupa na kujiita Scope. Mwingereza aliyekuwa shuleni miaka ya 1980 na aliyeitwa hivyo kila siku hawezi kulisikia kama anavyolisikia kijana wa Houston. Mchezaji gofu Tiger Woods alishakanyaga waya huo huo Aprili 2006 kwa kujiita hivyo baada ya kupiga vibaya. Marekani ilipita kimya, magazeti ya London yakawaka. Wote walitumia Kiingereza sahihi cha kwao.

Hoja ya kwanza ya wanaonipinga ina uzito, nami nitaitendea haki. Wanasema hayo yalikuwa ya zamani, kabla ya TikTok. Leo kijana wa Kisumu, wa Manchester na wa Atlanta wanacheka video moja, na neno kama "rizz", yaani mvuto wa kimapenzi, lililochaguliwa na Oxford kuwa neno la mwaka 2023, lilizunguka dunia kabla wazazi hawajaliuliza. Ni kweli maneno yanasafiri haraka kuliko zamani. Ila linalosafiri ni umbo la neno, maana hupewa upya pale linapotua. Tazama "peak". Katika Kiingereza cha vijana wa London, chenye mizizi mirefu ya Jamaika, "that's peak" ni pole, umepatikana, mambo yameharibika. Katika Kiingereza cha mtandaoni chenye asili ya Marekani, "peak" ni kilele, hakuna kizuri zaidi. Sasa mpe Mmarekani asome kijana wa Tottenham akiandika "peak" chini ya habari ya mtu aliyedungwa kisu. Kijana anaomboleza, msomaji anaona anashangilia. Zamani neno geni lilijitangaza lenyewe: ulikuwa hulijui, ukauliza. Siku hizi unalijua, tena umelitumia asubuhi, na kwa sababu hiyo huulizi.

Sisi tuna letu la namna hiyo, tena limepigwa muhuri na serikali. "Hustler" katika masikio ya Marekani lina harufu ya tapeli, muuza unga au kahaba, na kuna jarida la ngono lenye jina hilo tangu 1974. Nchini Kenya ni mtu anayeamka saa kumi alfajiri kutafuta riziki ya halali. William Ruto aliingia Ikulu 2022 akiwa amebebwa na neno hilo, na tarehe 30 Novemba mwaka huo akazindua mfuko wa mikopo wenye jina hilo. Sijui kama kuna nchi nyingine duniani iliyokipa chombo cha serikali jina ambalo mwenye lugha angeona haya kulitaja mbele ya mkwewe, lakini ndivyo lugha inavyofanya ikipata wenyewe wapya.

Hoja ya pili inasema kazi hii haifanywi na karani mmoja mvivu. Kuna mafunzo, kuna kamusi za misimu, na sasa kuna akili mnemba inayojua maana zote tano za "bomb" bila kukuna kichwa. Nakubali kwamba mashine inaweza kumshinda ofisa aliyechoka saa tisa za usiku. Lakini kujua maana tano si kujua ipi imekusudiwa. Hilo linategemea nani anasema na nani, na mashine iliyolishwa maandishi ya mtandaoni imelishwa zaidi Kiingereza cha Marekani kuliko cha Nakuru au Ibadan, kwa hiyo ikibahatisha itabahatisha kwa walio wengi. Na tusisahau kwamba hata ndani ya nchi moja wataalamu wenye viapo hukwama. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya jimbo la Louisiana, Marekani, ilikataa kusikiliza rufaa ya mshukiwa mweusi ambaye, akihojiwa na polisi, alisema kama wanadhani ametenda yeye, basi wampe "a lawyer, dawg", yaani nipeni wakili, ndugu yangu. Jaji mmoja aliyeandika maelezo ya kuunga mkono uamuzi alisema kutaja kwake "lawyer dog" kulikuwa na utata, hivyo hakuhesabiki kama ombi la wakili. Wakili mbwa! Wapo wanasheria wanaotetea kwamba kilichoamua ni lile "kama" lililoitangulia sentensi yake, si mbwa. Sawa, lakini mbwa ndiye aliyeandikwa. Utafiti uliochapishwa 2019 uliwapima waandishi 27 wa mahakama za Philadelphia, watu wenye vyeti vya kuandika kwa usahihi wa asilimia 95, kwa kuwasikilizisha Kiingereza cha Wamarekani weusi. Sentensi walizopatia zilikuwa karibu asilimia 60 tu. Hao ni majirani wa wasemaji, mji mmoja, basi moja. Mtu aliyeketi mbali anayesoma akaunti ya mwanafunzi wa Eldoret ana nafasi gani ya kupatia?

Ipo hoja ya tatu, dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayopendwa na watu wazima wa rika langu: vijana waache lugha ya vichochoroni, waandike Kiingereza sanifu, yaishe. Kwanza, yale maandishi hayakuandikiwa ofisa. Yaliandikwa kwa rafiki, saa nne za usiku, miaka mitatu kabla ya wazo la viza. Kumtaka mtu azungumze na wenzake kama anayesimama mbele ya hakimu ni kumtaka asiwe na wenzake. Pili, hicho Kiingereza sanifu chenyewe si kimoja. Churchill alisimulia jinsi maofisa wa Uingereza na Marekani, wakati wa vita, walivyobishana kwa muda mrefu na kwa uchungu juu ya neno "table". Kwa Waingereza kuliweka jambo mezani ni kulijadili sasa hivi, kwa Wamarekani ni kuliahirisha. Walikuwa wanataka kitu kimoja. Aprili 1951, vitani Korea, kikosi cha Gloucestershire kilikuwa kimezingirwa na Wachina juu ya kilima kando ya mto Imjin. Inasimuliwa kuwa brigedia wao, Tom Brodie, alipoulizwa hali na jenerali wa Kimarekani, alijibu kwamba mambo yamekuwa "a bit sticky". Kwa ofisa wa Kiingereza wa zama zile hiyo ilikuwa sauti ya mtu anayezama. Mmarekani alisikia: kuna ugumu kidogo, tunajimudu. Msaada wa kutosha haukufika kwa wakati na zaidi ya askari 500 wa kikosi hicho walitekwa. Hakuna aliyetumia lugha ya vichochoroni hapo. Lilikuwa tabaka la maofisa waliosoma shule za gharama, nalo lina misimu yake kama genge lolote, isipokuwa hatuiiti hivyo.

Hoja ninayoiheshimu ni ya watu wa usalama wenyewe. Wanasema wahalifu hujificha humo humo, ndani ya mafumbo, na dola isiyosoma mafumbo inajipofusha. Wana haki. Magenge ya London yana majina yao ya visu na ya nyumba za kuuzia dawa, na mahakama za huko zimekuwa zikiwaita polisi wanaojua lugha hiyo kutoa ushahidi. Wala sisi si wageni wa jambo hili. Neno "madoadoa" ukimpa mtafsiri wa nje atakwambia ni alama za chui au nguo iliyomwagikiwa chai. Mkenya aliyekuwa Bonde la Ufa mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, hahitaji kuambiwa kwamba ni watu wa makabila mengine wanaotakiwa waondolewe, na Januari 2022 seneta mmoja alikamatwa kwa kulitamka jukwaani Eldoret. Tume ya Uwiano na Utangamano ililiweka katika orodha yake ya maneno ya chuki mwaka huo huo. Unaweza kubishana na orodha hiyo, mimi nina mashaka na baadhi ya yaliyomo, lakini angalau walioitunga walikuwa wamekaa kwenye majeraha wanayoyazungumzia.

Na hapo ndipo hoja ya usalama inapojigeukia. Msomaji asiyejua mahali hakosei upande mmoja tu. Atamzuia mcheshi aliyeandika "bomb" na atampitisha mwenye sumu aliyeandika "madoadoa", kwa sababu la kwanza linatisha katika kamusi yake na la pili halipo. Wavu wa aina hiyo unanasa dagaa na kupitisha papa. Kama lengo kweli ni usalama, basi akaunti ya mtu inaweza kuwa mwanzo wa swali, isiwe jibu. Ofisa aliyeona neno linalomtia shaka amuulize mwenyewe alimaanisha nini, na jibu lake liwekwe kwenye jalada pamoja na neno lenyewe, ili ofisa wa pili asianze upya na kamusi yake. Nchi zenye mamilioni ya wasemaji wa Kiingereza chao wenyewe, Naijeria, Kenya, Afrika Kusini, India, zina sababu ya kudai hilo kwa sauti kuliko Uingereza na Australia, maana raia wao hawarudishwi kwa ndege baada ya kutua. Wananyimwa muhuri kimyakimya, na barua ya kukataliwa haitaji neno lililowaponza.

Wakati huo vijana wanajisafisha wenyewe. Mwaka jana mpwa wangu wa Mombasa, anayeomba nafasi ya kusoma uhandisi, alikuja na simu yake tukakaa barazani tukiipitia akaunti yake picha kwa picha, kahawa ikipoa. Kwenye maelezo yake alikuwa ameandika "hustler", akaweka "entrepreneur". Picha aliyoandika "killing it" akaifuta bila kunitazama. Tukafika kwenye picha ya harusi ya dada yake, yeye kavaa suti ya buluu, na chini yake rafiki zake wamejipanga: umeua, umelipuka, hii ni hatari. Akaipanua kwa vidole viwili, akaitazama kitambo.

"Mjomba, hii nayo?"

Nikamwambia aamue mwenyewe. Akasema hiyo haifuti, wakimuuliza atawaambia alikuwa amevaa suti.